Wanataka muuguzi aondolewe, mimi najua alikuwa peke yake

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chumbi, Rufiji, na ni mjumbe wa kamati ya zahanati. Mwezi uliopita wifi yangu alishikwa na uchungu akiwa dunguni, shambani bondeni. Alifikishwa zahanati usiku kwa bodaboda. Mtoto alizaliwa amechoka, na mama damu ikawa haikatiki. Tulihangaika na usafiri hadi karibu na alfajiri. Wifi yangu amepona, mtoto tumemzika. Sasa ndugu wa mume wangu wanataka muuguzi aondolewe. Wanasema ana majibu mabaya na alizembea. Mimi najua usiku ule alikuwa peke yake, na usiku wa kabla yake pia. Wengine wanataka mwanamke anayejifungulia nyumbani au njiani apigwe faini. Mume wangu ananiambia nijiuzulu kabla sijamgombanisha na ndugu zake. Nifanye nini?
Mjumbe, Chumbi

Mwanangu, poleni sana na msiba. Wifi yako mpe pole yake peke yake, usiichanganye na ya ukoo. Mama aliyenusurika huambiwa ashukuru Mungu, kisha uchungu wake wa kumpoteza mtoto unafunikwa. Tena aliyetokwa na damu nyingi hivyo arudi kliniki akapimwe, asikimbizwe shambani.

Jibu langu ni kwamba usijiuzulu. Katika hao wote wanaopiga kelele, wewe ndiye unayejua nani alikuwa zamu na nani hakuwepo. Ukitoka, ukweli huo unatoka nawe.

Kuhusu muuguzi, yako mambo mawili na kijiji kimeyachanganya. Majibu mabaya ni kosa, na aambiwe waziwazi mbele ya kamati, kwa adabu, kwa sababu mwanamke anayeogopa kufokewa hubaki nyumbani hata uchungu ukimzidi. Lakini kuzembea ni jambo jingine. Mtoto aliyezaliwa amechoka anahitaji mtu wa kumpulizia hewa kwa kifaa chake dakika ileile, na mama anayevuja damu anahitaji mtu wa kumchoma sindano ya oksitosini na kumkanda tumbo dakika hiyohiyo. Damu ya namna hiyo inaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Mtu mmoja angefanya lipi akaacha lipi? Mkimwondoa leo, nani atakayepokea wajawazito wa wiki ijayo?

Badala ya kudai afukuzwe, kamati iulize kama mapitio ya kifo cha mtoto yamefanyika. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka vifo vya uzazi na vya watoto wachanga vipitiwe, lengo likiwa kujua nini kilikwama, si kumtafuta wa kumfunga kamba. Ulizeni kama oksitosini ilikuwepo. Ulizeni kama jokofu lilikuwa linafanya kazi, maana dawa hiyo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikiachwa kwenye joto la Rufiji nguvu yake inapungua. Ulizeni pia ni tangu lini nafasi ya muuguzi wa pili iko wazi, na nani ameandikiwa barua kuhusu hilo. Majibu yakipatikana yapelekwe kwa diwani kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kule Utete, kwa maandishi, nakala ibaki kwenu.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Tumezoea kuita ushirikishwaji wa wananchi ile siku ya kusomba mchanga na kufyatua matofali. Rufiji mnalijua hilo kuliko wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa mradi wa afya wa TEHIP, wanavijiji wa wilaya yenu walikarabati zahanati zao kwa nguvu zao, huku wilaya ikielekeza fedha zake kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua watu wengi zaidi. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Matofali yalisaidia, lakini kilichogeuza mambo ni kuuliza fedha inakwenda wapi. Swali hilo sasa ni la kwenu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati unayokaa ndiyo inayopaswa kujadili mpango na kusimamia matumizi. Mganga mfawidhi ni katibu wenu tu. Omba taarifa ya mapato na matumizi, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiogopa kusimama peke yako, nenda na wanawake wenzako wanne au watano.

Usafiri usingoje kikao. Namba ni 115, haina malipo. Ni ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Muuguzi au ndugu akipiga, waratibu hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na serikali ndiyo inayomlipa. Wenye magari hapo Chumbi wajisajili kupitia halmashauri. Ikiwa usiku ule hakuna aliyepiga namba hiyo, au ilipigwa na gari halikuja, hilo nalo liingie kwenye mapitio. Kabla ya mwaka 2003 mjamzito wa kwenu alikwama kwenye kivuko cha Ndundu. Leo Daraja la Mkapa lipo, Ikwiriri iko ng'ambo yake, na Utete inafikika kwa njia ya Nyamwage. Hakuna sababu ya kungoja alfajiri.

Wifi yako alikuwa dunguni, na hapo ndipo ningetaka kijiji kikae sana. Tangu Operesheni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliyowahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi kavu, Mrufiji ana makazi mawili, na msimu wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe huwakuta wajawazito mbali na zahanati. Kliniki humpangia mama tarehe bila kujua siku hiyo atakuwa wapi. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wanaweza kuandika kila kitongoji kina wajawazito wangapi, nani yuko shambani, na mwezi wake wa tisa unaangukia lini. Familia imrudishe kijijini wiki tatu au nne kabla, na mwingine alinde shamba. Wakunga wa jadi waombwe wawasindikize na kukaa nao zahanati, kwa kuwa wanawake wanawaamini, na kuwasukuma pembeni hakujasaidia mtu.

Faini ikataeni. Mwanamke aliyezidiwa njiani hakuvunja sheria yoyote, na akiogopa faini atajificha. Kadi yake ya kliniki hamtaiona tena.

Sasa mume wako. Usibishane naye mbele ya ndugu zake. Mkiwa wawili, mweleze kuwa humtetei mtu dhidi ya ukoo, unataka mtoto mwingine wa ukoo huo asizikwe kwa sababu hiyohiyo. Mwombe aje kwenye mkutano na akae karibu na ndugu zake. Wanaume wanaolia kwa hasira mara nyingi hawajapewa kazi ya kufanya, na kazi ipo: kufuatilia barua ya muuguzi wa pili mpaka ijibiwe, na kwenda kuchangia damu hospitali mapema, maana hospitali haina damu isipokuwa ile watu waliyoitoa.

Na ninyi akina baba wa Chumbi, Muhoro na vijiji vyote vya bondeni mnaosoma hapa: iandikeni 115 kwenye simu zenu leo, na mkutano ukiitwa, nendeni.