Transfoma Husingiziwa Mengi: Niliyojifunza kwenye Nguzo za Konde

Kabla ya 2010 umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo waya wa kilovolti 33 ukapita chini ya bahari kutoka Tanga hadi Ras Mkumbuu, na vijana wa hapa wakaanza kutaka ufundi wa nguzo. Nawe najua unataka zaidi ya kubeba ngazi. Unataka siku moja gengi liwe lako. Basi haya nakupa mapema. Mimi niliyapata nikiwa nimeshachelewa, nikimfanyia kazi mkandarasi mmoja huku Konde, kaskazini mwa kisiwa.

1. Mega haioni kila kitu

Tulishusha transfoma iliyokuwa ikikata fyuzi upande wa umeme mkubwa. Nikapiga mega, kile kipimo cha kutafuta umeme unaovuja: mkubwa kwa ardhi, mdogo kwa ardhi, mkubwa kwa mdogo. Sindano ikapanda vizuri kote. Nikatangaza mbele za watu kwamba transfoma ni nzima na fyuzi ndizo dhaifu. Tukaipandisha, tukafunga, na mlio wake wakausikia walio sokoni. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila nikipita kununua samaki naulizwa: "Fundi, leo nzima?"

Kilichonishangaza ni kwamba mega haikudanganya. Mega ni kama mlinzi wa mlangoni: anamjua aliyetoka nje, hawajui wanaogombana chumbani. Mizunguko miwili ya koili moja ikigusana, umeme hauvuji kwenda ardhini, kwa hiyo mega haina la kusema. Hapo unahitaji kupima uwiano. Transfoma ya 33,000 kwa 400, iliyofungwa delta juu na nyota chini, hutoa volti 231 kati ya fezi na nyutro. Gawa 33,000 kwa 231, unapata 143 hivi, na fezi zote tatu ziwe karibu sawa. Huna kipimo cha uwiano? Iwe chini, imetengwa, watu wamekaa mbali, kisha ingiza volti 400 upande wa *mkubwa*, kupitia fyuzi ndogo, na usome mdogo: kila fezi itoe 2.8 hivi. Ikiwa mbili zinasoma 2.8 na moja 2.3, umeshampata mgonjwa. Angalia kwanza tepu, swichi ya kubadilisha idadi ya mizunguko, imewekwa namba ngapi, maana kila hatua hubadilisha hesabu. Na usithubutu kuingiza umeme upande wa mdogo. Kwa nini, nitakwambia mwisho.

2. Muulize bibi kabla ya kutoa mita

Mtaa mmoja ulilalamika kwamba transfoma "imeharibika": friji mbili zimeungua, na kwengine taa zimefifia. Nilikuwa nimeshafungua mfuko wa vifaa nipande, bibi mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu zake jamvini akaniamkua. Nikamuuliza kwa adabu tu, "Bibi, taa zako vipi?"

"Zinawaka kupita jana, mwanangu. Za hapo kwa jirani ndiyo zinalala."

Alikuwa ameshamaliza uchunguzi. Transfoma ikikosa nguvu, taa hufifia. Nyumba moja iking'ara kupita kiasi na ya jirani ikififia, nyutro imeachia mahali. Kwake nilipima volti 310, kwa jirani 120. Kifungo cha nyutro chini ya transfoma kilikuwa cheusi, na waya wake ukicheza ukiugusa kwa fimbo. Mafundi wengi hukaza fezi kwa bidii na nyutro kwa mkono mmoja, eti haina umeme. Mwenye friji anajua kama ina umeme au haina.

3. Nenda saa ambayo hitilafu huja

Laini moja ya kuelekea Ngezi ilikuwa ikikatika alfajiri. Sisi tulikuwa tunafika baada ya chai, tunapima, tunakuta safi, tunaandika "hakuna hitilafu", tunarudi. Nilikuja kuelewa pale nilipokwenda baada ya sala ya asubuhi, bado kuna umande. Vikombe vya kuzuia umeme juu ya nguzo vilikuwa vikilia kama vinakaangwa. Kulipopambazuka nikaona ukoko mweupe juu yake na michirizi ya kahawia iliyoungua. Chumvi kavu haipitishi umeme. Ikilowa kwa umande, inapitisha. Jua likipanda hukauka, na ushahidi wote umekwenda.

Tangu hapo masika siyachukii tena, kwa kuwa mvua kubwa huviosha vikombe bure. Kinachokuponza ni kiangazi kirefu na upepo wa bahari, kisha manyunyu. Kwa sababu hiyohiyo, futa shingo za transfoma kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga mega, la sivyo unapima uchafu.

4. Andika joto

Hili ni fupi. Kila joto likipanda nyuzi 10, kipimo cha mega hushuka karibu nusu. Namba ya saa saba mchana na ya usiku hazilinganishwi hivihivi. Andika joto, saa, na mkono wa nani.

5. Umeme hurudi kwa mlango wa nyuma

Sasa lile nililokuahidi. Tulikata laini, fyuzi zikaning'inia wazi, mwenzangu akakaribia kupanda. Testa ikalia. Nikaigonga pajani nikidhani betri imekwisha. Ikalia tena. Muuza duka alikuwa ameunganisha jenereta yake kwenye soketi bila kuzima swichi kuu, na transfoma haichagui upande: ukiipa 230 chini, zidisha kwa ile 143, juu unapata karibu 33,000.

Ndiyo maana unapima, unafunga nyaya za ardhi pande zote mbili, mkubwa na mdogo, ndipo mtu anapanda. Hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyekata. Tulipomfuata, yule bwana alitupokea kwa ukarimu wa Kipemba kabisa, akatutolea soda baridi, na alikuwa na haki ya kujisifia ubaridi wake, kwa kuwa jenereta ilikuwa bado inanguruma nyuma. Nilimwambia azime kwanza, ndipo tunywe.