Kumfundisha Mbwa Mchanga Utiifu Nyumbani: Mwongozo kwa Wafugaji wa Timau

Timau ni mji wa Kaunti ya Meru ulio katika mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kwenye barabara iendayo Meru kutoka Nanyuki, ambapo mashamba ya ngano na viazi yanapakana na malisho ya kondoo, na njia ya tembo inayounganisha msitu wa mlima na Hifadhi ya Lewa hupita chini ya barabara hiyo. Katika mazingira kama hayo mbwa asiyeitika anapoitwa huweza kuwafukuza kondoo wa jirani, kugongwa na gari, au kumbwekea tembo na kisha kumkimbilia mwenyewe huku tembo aliyekasirika akimfuata nyuma. Kwa sababu hiyo amri ya "njoo" inawekwa hapa mbele ya nyingine zote.

Mafunzo huanza mara mtoto wa mbwa anapoachishwa mama yake, yaani akiwa na umri wa wiki 8 hivi, kwa kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 14 mbwa huwa katika kipindi cha uzoevu, ambacho ndicho kipindi anachojifunza kwa wepesi kwamba watu wageni, watoto, pikipiki na mifugo si vitu vya kuogopwa wala kushambuliwa. Kila somo lisizidi dakika 5, ingawa linaweza kurudiwa mara kadhaa kwa siku, na lifanyike kabla ya chakula, wakati mbwa ana hamu ya kula.

Msingi wa mafunzo yote ni uimarishaji, maana yake kwamba kitendo kinachofuatwa na jambo jema hurudiwa, kanuni ambayo mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike aliitafiti kwa kuwafungia paka ndani ya masanduku na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898. Tuzo inaweza kuwa kipande kidogo cha matumbo au ini lililochemshwa, lakini sharti itolewe papo hapo, kwa sababu mbwa anayetuzwa baada ya kukawia huihusisha tuzo hiyo na lolote analofanya wakati huo, pengine kuruka au kubweka.

Ili kufundisha "njoo", mfugaji huchuchumaa hatua chache kutoka kwa mbwa, hulitaja jina lake ili kupata usikivu wake, kisha hutamka amri mara moja kwa sauti ya uchangamfu, na mbwa akifika hutuzwa na kupapaswa. Umbali huongezwa polepole, kwanza ndani ya ua, halafu shambani akiwa amefungwa kamba ndefu shingoni, ili asipate nafasi ya kugundua kwamba kupuuza mwito kunawezekana. Mbwa asiitwe kamwe ili aadhibiwe, hata kama ameua kuku, kwa kuwa adhabu hiyo ataihusisha na kule kuja kwake, na kazi ya wiki nyingi itaharibika kwa siku moja.

Amri ya "kaa" ni rahisi zaidi: kipande cha nyama hushikwa juu ya pua ya mbwa na kusogezwa nyuma ya kichwa chake, naye akiinua macho kukifuata makalio hushuka yenyewe, na hapo ndipo neno hutamkwa na tuzo hutolewa. "Ngoja" hufuata baada ya "kaa" kuzoeleka, kwa kuchelewesha tuzo kidogo kidogo. Amri zinaweza kuwa za Kimeru, Kikuyu, Kiswahili au Kiingereza, mradi watu wote wa nyumbani, wakiwemo watoto na mchungaji, watumie neno lilelile.

Imani kwamba mbwa mlinzi sharti apigwe na kufungwa kwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali ni imani potofu na yenye madhara, kwani ukali unaotokana na woga haubagui mwizi na mtoto wa shule.

Utiifu una faida nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba mbwa aliyezoea kukaa na kushikwa na mwenyewe huchanjika kwa urahisi, ilhali asiyeshikika mara nyingi hukosa chanjo siku ya kampeni. Kenya, katika mkakati wake wa mwaka 2014 hadi 2030, imelenga kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, lengo linalohitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Kila mfugaji wa Timau anaombwa ampeleke mbwa wake kwa daktari wa mifugo afikishapo umri wa miezi 3, na arudie chanjo hiyo kila mwaka.