Dondoo muhimu: Skrini inapokudanganya rangi

Heroe wa Ziwa Oloiden, hapo jirani na Ndabibi, wanaonekana wa manjano kwenye kompyuta yako ya nyumbani? Usilaumu kamera kwanza.

• Zima "Night light" kwenye Windows. Hiyo ndiyo hutia skrini umanjano jioni.

• Kagua kebo. Ya VGA ikilegea, rangi moja hupotea: bluu ikikatika, nyeupe huwa manjano; nyekundu ikikatika, huwa samawati ya kijani.

• Piga picha ya skrini (screenshot), uitume kwenye simu. Ikiwa sawa huko, kosa liko kwenye monita au kebo; ikiwa bado ya manjano, huenda ni wasifu wa rangi.

• Tafuta "Color Management", chagua monita yako, ruhusu mipangilio yako mwenyewe, ongeza wasifu wa sRGB na uuweke uwe chaguomsingi. Kiwango hiki cha HP na Microsoft cha mwaka 1996 ndicho picha nyingi za intaneti hufuata.

• Kwa vitufe vya monita, weka joto la rangi liwe 6500K.

• Funga programu ya picha, uifungue upya. Iache monita ipate joto nusu saa, mbali na jua la dirishani, ndipo uamue.