SOMO LA ROBO HII: Daftari Moja, Taarifa Tatu



Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ndiyo maana kila Januari, baada ya msimu wa Desemba, tunakusanya madaftari kutoka Tarime na Serengeti: wasichana waliokimbilia nyumba salama, waliopatanishwa na wazazi, waliorejea shuleni.

Kutokana na madaftari hayo tunaandaa taarifa ya wahisani, muhtasari wa kamati na slaidi za mkutano. Zamani tulinakili kila namba kwa mkono, mara tatu. Daftari moja likichelewa, tulisahihisha taarifa tukasahau slaidi. Mjumbe mmoja akatuuliza mkutanoni, "Sasa tuamini ipi?" Alikuwa na haki. Namba hizo ni mabinti za watu.

Zana zinazosaidia

Zipo programu zinazoweka maandishi na hesabu katika faili moja. Mwaka 2002 Friedrich Leisch alitambulisha Sweave, iliyoingiza hesabu za programu ya R ndani ya taarifa. Ikafuata knitr ya Yihui Xie mwaka 2012, na Quarto mwaka 2022. R na Quarto hupatikana bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hata bila intaneti.

Hatua zake

1. Takwimu zote huingizwa katika jedwali moja.
2. Taarifa huandikwa kwa maneno ya kawaida. Panapohitajika namba, tunaandika amri fupi ya kuwahesabu, tuseme, waliorejea shuleni.
3. Kompyuta husoma jedwali, huhesabu, huchora grafu, kisha hutoa taarifa na slaidi.
4. Daftari lililochelewa likifika, tunaongeza mistari yake kwenye jedwali na kurudia hatua ya tatu. Namba hubadilika kila mahali.

Tahadhari

Kompyuta haijui kwamba msichana mmoja ameandikwa usharikani na tena nyumba salama. Itamhesabu mara mbili, na taarifa itapendeza vilevile. Kwa hiyo kila msichana apewe namba yake moja tangu siku ya kwanza. Namba hiyo ndiyo iingie kwenye jedwali. Jina libaki katika kitabu kinachofungiwa kabatini. Aidha, wafundishwe watumishi wawili au zaidi, ili mmoja akihama kazi isisimame.

Maswali ya kujadiliana

- Katika usharika wenu, nani hukagua daftari kabla halijatumwa?
- Mtajuaje kama msichana ameandikwa mara mbili?
- Kitabu cha majina kinatunzwa wapi, na ufunguo anao nani?

Tunaomba kamati zijadili maswali haya kabla ya Desemba. Kompyuta itatuondolea kazi ya kunakili. Ukweli wa daftari bado uko mikononi mwenu.