Yaya, wanataka kumfungia mwanangu kanisani siku tatu



Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango la wazazi wa mume wangu. Yeye anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anafika nyumbani mara moja kwa mwezi. Mtoto wetu wa pili, mvulana, ametimiza miaka sita na hasemi. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alisema "mama" na "mayi", kisha maneno yakapotea. Ukimwita hageuki, lakini sufuria ikianguka jikoni anaziba masikio na kulia. Anakula bukari nyeupe tu. Nikichanganya unga wa muhogo, rangi ikibadilika kidogo, hagusi. Siku nzima anapanga vifuniko vya chupa za bia ya Simba kuanzia ukutani hadi mlangoni, na ukisogeza kimoja ni vita.

Tulimpeleka shule ya watoto wadogo, wiki mbili tu wakasema nikae naye nyumbani mpaka awe tayari. Mwalimu akaniagiza nisimsemeshe tena Kiswahili, Kifaransa peke yake. Tangu shemeji yangu alipopoteza kazi mwezi wa saba, maneno lupangoni yamebadilika. Wanasema, "Uyu mutoto iko na kitu." Mchungaji wao anataka akae kanisani siku tatu, bila chakula wala maji, na mimi nisiwepo. Nikikataa, nirudi kwetu Kasenga na mtoto wangu. Mume wangu kwenye simu anasema, "Fuata wakubwa, tutaona."

Nilipokuwa na mimba yake nilikosana sana na mama mkwe. Je, ni kosa langu? Au ni vumbi la mgodi analoleta baba yake kwenye nguo? Jumapili iliyopita walikuja wageni, nikaona haya, nikatupa vifuniko vyote chooni. Alilia mpaka usiku wa manane. Nifanye nini?

Mama wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Usimpeleke. Naanza na hilo usije ukasoma mengine yote roho ikiwa juu. Mtoto asiyeweza kusema "nina kiu" hafungiwi mahali siku tatu bila maji, tena mwezi huu wa kumi, jua likiwa kali namna hii na mvua haijafika. Kama ana kifafa ambacho hamjakigundua, na watoto wa namna yake wengine wanacho, njaa na kukosa usingizi vinaweza kukiamsha. Mchungaji ataona anatikisika, ataita pepo, atamshika kwa nguvu zaidi.

Mimi si daktari. Lakini yote uliyoandika, maneno yaliyopotea, masikio yanayozibwa, bukari ya rangi moja, mstari wa vifuniko, yanafanana sana na kile ambacho vitabu vya Kiswahili vinaita usonji na madaktari wetu, kwa Kifaransa chao, wanaita otizimu. Ni namna ubongo ulivyojijenga tangu tumboni. Hauambukizi, na hakuna aliyeutupa juu ya ukuta wa lupango usiku.

Umeniuliza kama ni kosa lako. Swali hilo ni la zamani kuliko sisi. Leo Kanner, daktari wa Baltimore kule Marekani, aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 waliokuwa kama wako: mmoja anapenda kuzungusha vitu, mwingine anataka kila kitu kibaki mahali pake. Miaka iliyofuata, wasomi wa huko walitafuta mkosaji, na unajua walimpata nani? Mama. Walisema watoto hao wamekauka kwa sababu mama zao ni baridi kama barafu. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1967, na wanawake wengi walilia kwa ajili yake. Kwa hiyo mtu akikwambia uchawi ni mambo ya Katuba, mjibu kwamba hata wazungu wenye digrii walikuwa na mchawi wao, na alikuwa amevaa gauni la mama.

Waliovunja hadithi hiyo walikuwa wazazi. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo kiko mwilini. London, Lorna Wing, daktari na mama wa binti wa namna hiyo, alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama chao mwaka 1962. Karibu zaidi na kwetu, Addis Ababa, Zemi Yenus, mama aliyekuwa akiendesha shule ya urembo, alifungua kituo cha watoto wenye usonji mwaka 2002 baada ya shule kumkataa mwanawe. Nairobi wazazi waliunda chama mwaka 2003, na watoto wao wakapata darasa ndani ya City Primary, shule ya serikali.  Wote walianza kama wewe, wakiwa wazazi wa mtoto wa namna hii.

Ugomvi wako na mama mkwe wakati wa mimba haukufanya kitu. Kuhusu vumbi, sitakucheka, maana mji wetu una sababu ya kuuliza. Watafiti waliochunguza watoto waliozaliwa katika hospitali za Lubumbashi kati ya 2013 na 2015 waliona kwamba watoto wa baba wanaofanya kazi migodini walizaliwa na kasoro za mwili mara nyingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Lakini hizo ni kasoro zinazoonekana mtoto anapozaliwa. Utafiti huo haukuzungumzia usonji. Baba yake avue nguo za kazi nje na anawe kabla ya kubeba watoto, kwa sababu vumbi ni baya kwa kila mtu. Usimbebeshe mzigo wa ulimi wa mwanawe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika katika safu hii. Nilikulia katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa akipanga viberiti. Viberiti vitupu, kimoja baada ya kingine, kando ya ukuta wa nyuma. Wageni wakija, mama alimwingiza chumba cha ndani, na kazi ya kukaa naye ilikuwa yangu. Nilimziba mdomo kwa kiganja ili wasisikie sauti yake. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa hodari katika kazi hiyo. Leo ana zaidi ya miaka arobaini, anakaa kwa dada yetu Likasi, anafagia uwanja kila asubuhi na ufagio unaacha mistari iliyonyooka kama ya daftari. Hakuna daktari aliyemwona akiwa mtoto. Tulimficha vizuri mno, mpaka hata msaada haukumpata. Ndiyo maana barua yako niliisoma mara tatu, hasa pale penye wageni wa Jumapili.

Haya, tuje kwa wakubwa. Usiwajibu kwa "hapana" tupu, kwa sababu wewe ni mke katika lupango lao na "hapana" ya mke inachoma kama mchanga machoni. Anza na mama mkwe. Mwendee asubuhi, kabla ya watu kujaa, umwambie: "Mama, nimekuja kuomba msaada." Umwombe akae na mtoto saa moja kila siku, yeye peke yake, bila kumlazimisha kusema. Apange vifuniko pamoja naye. Naona unashangaa. Lakini bibi aliyeshika mkono wa mtoto kila siku ni vigumu kumtoa mjukuu huyo siku tatu kwa mtu mwingine. Nimeona ukoo ukigeuka kwa sababu ya bibi mmoja.

Maombi usiyakatae. Mchungaji aje nyumbani, aombe mtoto akiwa mapajani mwako, mlango ukiwa wazi, chungu kikiwa motoni. Kama ni mtu wa Mungu, hilo halitamshinda. Akisema lazima mama atoke, umeshapata jibu lako.

Na kama bado wanashikilia, hapo ndipo shemeji yako atajulishwa, kwa sauti ya chini, mbele ya mtu mzima anayemheshimu, kwamba Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Sheria hiyo iweke kama fimbo nyuma ya mlango. Wote wajue ipo, isichukuliwe kila siku. Ila siku wakimvuta mtoto kwa mkono, ishike.

Mume wako ndiye anayenisumbua zaidi. "Fuata wakubwa, tutaona" ni maneno ya mtu aliye mbali. Mtumie video kwa simu: mtoto akipanga, akicheka, akikuvuta mkono kukuonyesha kikombe. Baba wengi wanaogopa kwa sababu wanaona mtoto mara moja kwa mwezi, siku ya uchovu na kelele. Akija, nendeni hospitali pamoja, hata kama ni kupoteza siku moja ya mapumziko yake.

Huko hospitali, cha kwanza ni masikio. Ndiyo, najua anasikia sufuria. Apimwe hivyo hivyo, kwa sababu kuna watoto wanaosikia sauti fulani na kukosa nyingine, na kila mtaalamu atakuuliza. Nenda kwa daktari wa watoto, Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Wakikutuma kituo cha Joseph Guislain cha Mabradha wa Karita, usikimbie kwa sababu watu wanasema ni mahali pa wazimu. Guislain alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, karne ya 19, aliyepigania wagonjwa wa akili wafunguliwe minyororo. Hapa mjini bado kuna makanisa yanayowafunga.

Usiende mikono mitupu. Nunua daftari la shule. Kila jioni andika mistari mitatu: alikula nini, alilala saa ngapi, nini kilimliza na nini kilimtuliza. Andika kwa Kiswahili chako, si lazima Kifaransa. Daktari ana dakika kumi, na katika dakika kumi mwanao anaweza kukaa chini ya meza kimya na kuonekana kama mtoto mwenye haya tu. Daftari litasema badala yake. Ukifika shuleni litasema tena. Siku nyingine, baraza la ukoo litakapoketi, soma kurasa mbili kwa sauti, taratibu. Watu wanaosema "iko na kitu" hawajawahi kuketi na kusikia kitu hicho kikielezwa kwa tarehe na saa.

Kiswahili endelea nacho. Mwalimu alikosea, ingawa alikosea kwa nia njema. Watafiti waliofuatilia watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawakuwaona wakichelewa zaidi ya wengine. Mtoto wako anahitaji lugha unayocheka nayo, unayomwimbia nayo. Kifaransa kitakuja au hakitakuja. Wakati huohuo piga picha za vitu anavyotaka, kikombe, bukari, mlango wa nje, ndoo ya kuogea, uzichapishe kwa mpiga picha wa mtaani na uzitundike ukutani usawa wa macho yake. Akigusa kikombe, mpe maji na useme "mayi". Picha hazizuii ulimi. Mara nyingi huwa daraja lake.

Shule itakuwa vita virefu. Tangu shule ya msingi ya serikali iwe bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi kiasi hicho hana mkono wa ziada. Lakini kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya haki za watu wanaoishi na ulemavu, na mkurugenzi wa shule anapaswa kuijua. Omba kidogo kwanza: saa mbili asubuhi, wewe ukiwa umekaa nje ya darasa, kiti karibu na mlango, mbali na kengele. Ukipata wiki moja ya hivyo, omba ya pili. Tafuta pia mama wengine. Kwenye foleni ya daktari utawatambua, ni wale wanaowaangalia watoto wao bila kupepesa jicho. Chukua namba zao.

Jambo moja la leo, kabla hata ya daftari. Je, lupangoni mna kisima? Katuba wengi mmechimba kwa sababu bomba halitoi maji kila siku. Mtoto wa namna hii anatoka bila kuaga, na maji yanamvuta. Weka kifuniko cha bati kizito na kufuli. Mshonee namba yako ya simu ndani ya kola ya shati, na uwaambie majirani wawili, yule wa geti la mbele na muuza makaa wa kona, kwamba wakimwona peke yake wasimfokee, wamrudishe tu.

Halafu nenda kwenye baa iliyo karibu, asubuhi, wakati wanafagia. Waombe vifuniko vya Simba. Wataona ajabu, watakupa. Vioshe kwa sabuni, uvimwage sakafuni mbele yake bila kusema neno, uketi upande wa pili wa mstari. Ulitupa vingapi? Wewe hukumbuki. Yeye atajua kama vimepungua.