Tengeneza Kichujio cha Tangi la Samaki, Lakini Usiingie Bwawani!

Kufuga samaki darasani ni kazi nzuri kwa klabu ya sayansi. Lakini wengi huacha baada ya wiki mbili tu: maji yananuka na samaki wanaelea, wamekufa. Basi leo tujifunze kutengeneza kichujio kisichotumia umeme. Halafu tuzungumzie kichocho, maana hapa kwetu Pemba mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Kwa nini samaki hufa?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Mavi yake na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Hii ni sumu, na huwezi kuiona. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na samaki akafa. Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Kumbe siyo kila bakteria ni adui! Kichujio ndiyo nyumba yao.

Vifaa

Ndoo ndogo ya plastiki, msumari, kokoto kubwa na ndogo, mchanga wa kujengea wenye chembe kubwa, na kipande cha sponji la godoro. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi.

Namna ya kutengeneza

1. Toboa matundu madogo chini ya ndoo kwa msumari.
2. Osha kokoto na mchanga mpaka maji yatoke bila tope. Usitie sabuni.
3. Panga: chini kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, kisha mchanga, na mwisho sponji.
4. Weka ndoo juu ya tangi, juu ya vipande viwili vya mbao.
5. Chota maji ya tangi kwa kata, mimina juu ya sponji, yadondoke tena tangini. Fanyeni hivyo mara nyingi kwa siku, kwa zamu. Kichujio kisikauke.

Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, kwa hiyo anzeni na samaki wachache. Kila wiki badilisheni robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza. Sponji likichafuka, lisuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Ukitumia sabuni au klorini utawaua bakteria wako.

Sasa, kichocho

Samaki mtawapata wapi? Wengine watasema, "Twende mtoni tukavue." Hapo ndipo hatari ilipo. Konokono wa maji baridi hutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi yako ukiwa majini, hata kama maji yanaonekana safi. Mdudu wake alitambuliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo mwaka 1851. Dalili kubwa ni damu kwenye mkojo. Wapo wanaodhani eti ni dalili ya balehe. Siyo! Ni ugonjwa, na ukiachwa huharibu kibofu na figo.

Kwa hiyo nunueni vifaranga vya perege kwa wafugaji wa samaki. Tumieni maji ya bomba au kisima. Majani ya mtoni msiyatie tangini, huenda yana konokono. Na maji yaliyopita kwenye kichujio hiki si ya kunywa. Ya kunywa chemsha.

Ukiona damu kwenye mkojo, usione haya. Mwambie mzazi au mwalimu, nenda kituo cha afya. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maji maangavu si lazima yawe salama?
2. Kwa nini hatuoshi kichujio kwa sabuni?
3. Utamwambia nini rafiki yako anayetaka kuvua mtoni?