Usipokee Kiti Mwendo Kabla Mgonjwa Hajapimwa
Kijitabu cha elimu kwa familia kutoka ofisi ya ustawi wa jamii



Kijitabu hiki kimeletwa na malalamiko. Familia zinafika ofisini na maneno yale yale: bibi alipewa kiti mwendo kwenye hafla, picha zikapigwa, na leo kiti kimeegeshwa uani kuku wanalala juu yake. Wengine wana kubwa zaidi: bibi anakikalia kutwa, na sasa ana kidonda makalioni. Tunajua pia yanayosemwa mitaani, kwamba ofisi inawazungusha watu kwa vipimo visivyo na maana. Someni kwanza, lawama zije baadaye.

Kuanzia sasa ofisi hii haitatoa kiti hata kimoja bila karatasi ya vipimo, hata mfadhili akileta kontena zima. Sababu ni hii.

Kile kiti kipana mnachokiona mapokezi hospitalini kimetengenezwa kumtoa mgonjwa getini na kumfikisha wodini. Hakikutengenezwa kukaliwa tangu asubuhi hadi jioni. Kitambaa chake kikilegea, katikati panabonyea, mtu anaegemea upande mmoja, na uzito wote unaangukia mifupa miwili ya makalio. Damu haipiti kwenye nyama iliyobanwa. Nyama inaweza kuanza kufa huko ndani ngozi ikiwa bado nzima. Hivyo ndivyo vidonda vya mgandamizo, na maambukizi yake yakifika kwenye mfupa au kuingia kwenye damu, yanaweza kuua. Aliyepata kiharusi, mwenye kisukari cha muda mrefu au aliyeumia uti wa mgongo anaweza asisikie maumivu yoyote. Msisubiri alalamike.

Pa kuanzia

Mzee anayeanza kushindwa kutembea aonwe na daktari kwanza. Wapo ambao miguu yao ingepata nafuu kwa dawa, mazoezi au fimbo, na kumkalisha kitini mtu anayeweza kusimama ni kuilegeza zaidi. Ikibidi kiti, ombeni rufaa ya kwenda kitengo cha fiziotherapia. Kwetu mje na rufaa hiyo, kitambulisho cha mgonjwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nani anapewa bure na nani anachangia, afisa atawaeleza. Fomu haiuzwi. Na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri mnayoiulizia kila siku ni mikopo ya watu wenye ulemavu kwa ajili ya miradi, si fungu la viti.

Siku ya vipimo mgonjwa aje mwenyewe. Msimlete mdogo wake kwa kuwa "wanalingana mwili". Atapimwa upana wa nyonga, paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, na mguu kutoka hapo hadi kisigino. Kina cha kiti kinapaswa kuwa kifupi kuliko paja kwa sentimita 3 hadi 6, ukingo usije ukakata nyuma ya goti. Mtaulizwa pia njia ya nyumbani ikoje na mlango wa choo una upana gani. Watu hukasirika wakiulizwa habari za choo. Jibuni tu. Penye mchanga, magurudumu membamba ya mbele huzama. Yanatakiwa makubwa na manene.

Mto wa kiti

Hapa ndipo mnapopuuzia. Kiti bila mto wake msikipokee. Kipande cha godoro la zamani si mto, kwa sababu sponji iliyochoka hulala bapa.

Upimeni hivi. Mgonjwa akae wima, mikono mapajani. Ombeni ruhusa, kisha mtu wa jinsia yake (mkwe asitumwe kazi hii) aingize ncha za vidole, kiganja kikitazama juu, katikati ya mto na mfupa wa kalio. Vidole vikiweza kucheza juu na chini kiasi cha nusu sentimita au zaidi, ni salama. Visipocheza lakini vikatoka kirahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hadi uvute kwa nguvu, ni hatari: asikalie mto huo. Rudieni upande wa pili.

Kila baada ya dakika 15 hadi 30 aegemee mbele juu ya mapaja yake, au upande mmoja kisha mwingine, damu ipite. Jioni kagueni makalio na visigino. Mara nyingi mtaambiwa mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuteni palipokoza rangi, penye joto au pagumu kuliko pembeni yake. Mkipaona, asikalie sehemu hiyo mpaka irudi kawaida, na ngozi ikichanika aende hospitali siku hiyo hiyo. Ule ushauri wa kumkalisha juu ya mpira wa tairi uliojazwa upepo uacheni kabisa. Unabana damu kuzunguka kidonda.

Tairi likipasuka, fundi baiskeli wa mtaani anatosha. Fremu ikipinda, au mgonjwa akikonda au kunenepa, apimwe upya. Na wenye viti vilivyotolewa zamani bila vipimo, vileteni pamoja na mgonjwa. Hatumnyang'anyi mtu kiti. Tunakirekebisha, au tunaanza taratibu za kumtafutia kinachomfaa.